Siku Naliaka Alipofukiwa Hadi Kiunoni

Jumamosi, katikati ya mwezi wa nne. Asubuhi kulikuwa na mvua nyembamba, ile isiyolowesha nguo lakini inaingia mpaka kwenye mifupa. Saa nne jua likatoka ghafla na Mlima Elgon ukaonekana wote, kama umeoshwa.

Jirani yangu hapa Kitale anajenga ua mpya. Mafundi walianza kuchimba mashimo ya nguzo mapema, na harufu ya ule udongo mwekundu, uliotoka chini ukiwa bado na unyevu, ikaja mpaka jikoni kwangu. Nilikuwa naosha vyombo. Mikono ilisimama yenyewe ndani ya maji. Mtu mwingine akinusa harufu hiyo atafikiria kupanda mahindi. Mimi nilimwona dada yangu mdogo, Naliaka, ametokeza juu ya ardhi nusu tu, kuanzia kiunoni, na moyo wangu ukaruka kama uliporuka siku ile. Miaka yote hiyo, na bado unaruka.

Sijasoma sana, niliishia darasa la nane. Na mambo ya utotoni hunichanganya: mengine niliyaona, mengine nilisimuliwa mara nyingi mpaka nikadhani niliyaona. Kwa hiyo pale ambapo sina hakika nitawaambia, msije mkaniona mwongo.

Tulikuwa tunaishi Naitiri, kwenye shamba la baba. Nilikuwa darasa la tatu. Naliaka, ambaye alizaliwa wakati wa palizi kama jina lake linavyosema, alikuwa ameanza kutembea, na kutembea kwake kulikuwa sinema ya boma zima. Aliachanisha miguu kama mtu aliyebana mtungi katikati ya magoti. Mikono yote miwili aliiinua hadi usawa wa masikio, kama mwizi aliyeambiwa na askari asimame. Tumbo mbele, macho yametoka, hatua mbili tatu, kisha anasita, anayumba, anakaa chini pu!

"Huyu amelewa busaa ya nani?" baba alikuwa akisema, na sisi tunakufa kwa kicheko.

Najua sasa kwamba kila mtoto huanza hivyo. Wangu pia walianza hivyo. Lakini miguu ya watoto wengine husogeleana kidogo kidogo, mikono inashuka, na siku moja unashtukia mtoto yuko barabarani. Wafula, mtoto wa jirani, aliyezaliwa msimu uleule, alikuwa tayari anafukuza kuku. Naliaka alibaki palepale, halafu akaanza kurudi nyuma. Miguu ikazidi kupanuka. Akawa anaegemea upande mmoja, nadhani wa kushoto, na anaangukia upande huohuo. Jua likizama ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Ndani ya jiko letu, kwenye moshi na giza, hakuweza hata kusimama. Alikuwa anashika ukuta, anashika sketi yangu, analia.

Mama ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

Jumapili moja nje ya kanisa, Mama Wafula alimtazama Naliaka akiyumba, akamwita mama kwa jina langu na kumuuliza kwa ile sauti yake ambayo haijui kunong'ona, "Mama Nasimiyu, huyu mtoto mguu yake iko sawa kweli?"

"Iko sawa," mama alijibu. Akamchukua, akamfunga mgongoni na leso, na kuanzia siku hiyo alipokwenda kanisani hakumshusha chini tena.

Mimi nilimchukia Mama Wafula kwa swali lile. Lakini niseme haki: hakuwa mtu mbaya. Mdomo wake ulikuwa tu unatangulia. Na alichouliza, sote tulikuwa tunajiuliza. Mama alikuwa ameshampeleka Naliaka zahanati, nesi akamkunja magoti na kumkunjua, akampima uzito, akasema miguu ni mizima, apewe maziwa na muda. Nesi naye hakukosea. Miguu ilikuwa mizima.

Ndipo Kogo akaja. Kogo ndivyo tulivyomwita bibi yetu, mzaa mama, kutoka Kapsokwony kule juu mlimani. Mama alikuwa Msabaoti, baba Mbukusu, na kwa Wabukusu mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana mpaka inakuwa taabu. Hawasalimiani kwa mkono, hawakutani kwenye njia nyembamba, hawakai chumba kimoja. Kwao Kogo sijui wanafanyaje, lakini alipokuwa kwetu alifuata ya kwetu. Usiku alilala kwa Mama Wafula. Mchana alikuja kukaa na mama, na baba akihitaji hata kofia yake ndani ya nyumba, alikuwa anakohoa kutoka mbali kwanza.

Asubuhi moja Kogo alikaa nje akimwangalia Naliaka akitembea. Mimi nikaenda shule.

Kuna jambo lazima niwaambie kabla sijafika pale. Kabla ya Naliaka kulikuwa na mtoto wa kiume. Aliishi wiki chache tu. Nilimwona baba na ndugu yake wakichimba nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Niliona shimo dogo, kitu kimefungwa ndani ya leso, udongo unarudishwa. Hakuna aliyenieleza chochote. Nadhani walifikiri sikuona. Nikajifundisha mwenyewe: watu wazima wakichimba shimo dogo nyuma ya nyumba, mtoto harudi.

Siku hiyo nilirudi kutoka shule nikiwa na njaa. Nyumba ilikuwa kimya. Jikoni moto ulikuwa umekufa nusu, hakuna mtu. Nikasikia sauti nyuma ya nyumba, sauti ya udongo ukipigwapigwa kwa viganja. Nikazunguka.

Kogo alikuwa amepiga magoti kando ya migomba. Mbele yake kulikuwa na shimo, na ndani ya shimo kulikuwa na Naliaka. Udongo ulikuwa umemfika kiunoni, na Kogo alikuwa anazidi kuusukuma na kuushindilia pembeni, polepole, kama mtu anayeshindilia udongo kwenye mche. Mama alikuwa amesimama kando, anaangalia. Hakuna aliyelia. Hilo ndilo lililonigandisha: hakuna aliyekuwa analia, hata Naliaka mwenyewe.

Mama husema niliita "Baba!" Mimi nakumbuka hakukuwa na neno, ilikuwa sauti tu. Nilitupa mkoba, nikaruka, nikaanguka kifudifudi nyuma ya Naliaka nikaanza kufukua kwa vidole, huku napiga kelele, mdomo wangu uko karibu na shingo yake. Kogo alinishika mkono. Nikamng'ata. Sikumng'ata kidogo.

Kuku walitawanyika. Mbwa wetu, ambaye alikuwa mkali kwa kila mtu, alipita chini ya ua akapotea. Mama Wafula alitokea kwenye mwanya wa ua akiwa na mwiko mkononi, ugali bado umeganda juu yake.

"Nani ameuawa? Nani?"

Halafu nikasikia gambuti za baba, zile buti zake za mpira, zikija mbio kutoka shambani. Alitokea na panga. Akamwona mama mkwe wake amepiga magoti, kilemba kimeanguka, anashikilia mkono uliong'atwa. Basi, katika hali ile, baba alifanya kama alivyofundishwa: aligeuka haraka akajificha nyuma ya ghala la mahindi.

"Nasimiyu!" akaita kutoka huko. "Kuna nini hapo?"

"Wanamzika Naliaka!"

"Ati nini?"

"Hakuna mtu anazikwa," mama alisema, lakini sauti yake ilikuwa nyembamba sana.

"Basi mwambie Kogo wako," baba akasema, akihema, "mwambie kwa heshima, anieleze mtoto wangu anafanya nini ndani ya shimo."

Kogo alikuwa hatua chache tu kutoka ghalani, alikuwa amesikia kila neno. Lakini naye aliniangalia mimi. "Mwambie baba yako, kwetu mtoto akikataa kusimama tunamchimbia. Udongo inamshika, mwili inajua kusimama ni nini. Hata mama yako mimi nilimsimamisha hivi. Si alitembea mpaka akaolewa huku? Na umwambie huyu binti yake ana meno ya fisi."

"Baba, anasema..."

"Nimesikia."

Nadhani mambo yangeishia hapo, na mimi ningechapwa kidogo. Lakini Mama Wafula hakuwa anatusikiliza. Alikuwa anamwangalia Naliaka.

"Lakini nyinyi," akasema. "Mbona huyu hajashtuka?"

Tukamwangalia. Naliaka alikuwa amesimama katika udongo wake, ametulia, wima kabisa kuliko tulivyowahi kumwona. Alikuwa anajipaka tope kwenye mkono na kulitazama likikauka. Nilikuwa nimepiga kelele nyuma ya shingo yake. Alikuwa hajageuka.

"Amezoea kelele zenu," mama akasema.

"Mbwa amekimbia, Mama Nasimiyu. Mbwa!"

Mama Wafula akachukua karai lililokuwa limeegemezwa ukutani, akasimama nyuma ya Naliaka, akalipiga kwa mwiko. Mlio ule niliuhisi kwenye meno. Naliaka aliendelea na tope lake. Akalipiga tena.

"Wacha," mama akasema. "Nimesema uwache!"

Kogo aliinuka bila kuambiwa. Akajifunika kilemba usoni, akaenda kusimama katikati ya migomba akitugeuzia mgongo, ili mkwe wake aweze kupita. Baba akatoka nyuma ya ghala. Alikuja moja kwa moja nyuma ya Naliaka, akapiga chini kwa gambuti, mara moja, kwa nguvu.

Naliaka akageuka, akamwona, akacheka.

"Si anasikia!" Baba alitugeukia sote, uso wake umelowa jasho. "Si mmeona? Anasikia, bana! Mnanitisha bure!"

Kutoka kwenye migomba, bila kugeuka, Kogo akasema, "Nasimiyu, mwambie baba yako amtoe kwanza kwa udongo. Hiyo amesikia kwa tumbo."

Baba alimng'oa Naliaka, udongo ukamwagika kutoka kwenye miguu yake. Mama alikuwa ameshakaa chini, pale pale kwenye ardhi. Akampakata. Baba akarudi nyuma yao, safari hii alikanyaga taratibu sana, akaita.

"Naliaka."

Akaita tena. Akamwita kwa jina la kanisani. Akamwita kwa jina la mama yake yeye mwenyewe, ambalo alikuwa analitumia akiwa na furaha tu. Naliaka alikuwa anachokoa tope kwenye ukucha wa mama. Baba akapiga makofi. Akapiga mluzi, ule wa kuitia ng'ombe, na ng'ombe wakaitika kutoka zizini.

Nimeona watu wazima wakilia matangani. Lakini kabla ya hapo sikuwa nimeona watu wazima wakiwa wameshtuka mpaka hawajui wakae au wasimame. Mama Wafula, ambaye hajawahi kukosa neno, aliweka karai chini kwa mikono yote miwili, polepole, kama yai.

Kesho yake tulipanda gari la maziwa hadi Kitale, hospitalini. Nilichukuliwa kwa sababu Naliaka hakunyamaza bila mimi. Daktari alikuwa mama mmoja mfupi, mpole. Alimwangalia masikio kwa tochi ndogo, moja, kisha la pili, kisha akarudia la kwanza. Akauliza kama yaliwahi kutoa usaha. Mama akasema ndiyo, wakati wa mvua, alikuwa anaona doa kwenye mto wa kulalia na harufu yake, akapangusa kwa chumvi na maji ya vuguvugu, ikakauka, akamshukuru Mungu.

"Ilikauka nje," daktari akasema. "Ndani ilibaki."

"Lakini daktari," baba akasema, "sisi tulikuwa na shida ya miguu. Anatembea vibaya, anaanguka. Hii ya masikio tumeijua jana tu."

"Ni shida moja, baba."

Baba alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba jembe ni kijiko. Na mimi, nawaambia kweli, nilitazama miguu ya Naliaka, nikatazama masikio yake, nikaona daktari huyu amechoka.

Daktari alimwomba baba asimame kwa mguu mmoja. Baba alisimama vizuri tu, mtu wa shamba. "Sasa funga macho." Baba akafunga, na hapo hapo mikono ikaruka juu, ule mguu mwingine ukatafuta sakafu, akajikuta ameshika meza ya daktari kwa mikono yote miwili. Nilicheka. Mama akanifinya, kisha nikamwona naye anauma mdomo.

"Wewe macho yamefungwa kidogo tu, na masikio yako ni mazima," daktari akasema. "Ndani kabisa ya sikio kuna kitu kinachotuambia juu ni wapi na chini ni wapi. Umewahi kuona pima maji ya fundi?"

Baba alikuwa anajenga nyumba za watu baada ya mavuno. "Ninayo nyumbani."

"Basi kila sikio lina pima maji yake. Za huyu zimezungukwa na uchafu, zinamdanganya. Amesimama, zinamwambia anaanguka. Sasa mwangalieni."

Akamweka Naliaka sakafuni. Miguu ikapanuka, mikono ikaenda juu, tumbo likatangulia. Alikuja kwetu akiyumba kama kawaida yake.

"Nyinyi mnaona udhaifu," daktari akasema. "Mimi naona mtoto amejitengenezea msingi mpana. Mikono ni kama ya mtu anayevuka mto juu ya gogo. Na macho yake ameyabandika kwako, mama, kwa sababu hayo ndiyo hayamdanganyi. Nikizima taa ataanguka."

Mama alisema taratibu, "Jioni. Jikoni." Akafunika mdomo kwa leso.

Matibabu yalichukua muda mrefu, sikumbuki muda gani hasa. Kulikuwa na dawa, kulikuwa na kurudi Kitale tena na tena, na mwishowe daktari mwingine alimtoboa kidogo ndani ya masikio ili ule uchafu utoke. Asubuhi moja mahindi yakiwa yameanza kukauka shambani, tulikuwa tumekaa nje, jogoo wa Mama Wafula akaruka juu ya ua akawika. Naliaka alishtuka mpaka akaanguka. Akapiga kelele za kulia, amekasirika kweli.

"Ameshtuka!" mama akapiga vigelegele. "Baba Nasimiyu, ameshtuka!" Baba alikuja mbio na povu la mswaki mdomoni. Mama Wafula alichungulia kwenye mwanya, akauliza nani amezaa. Tulimfurahia mtoto anayelia, na yeye akatushangaa, akalia zaidi.

Miguu ikaanza kusogeleana. Mikono ikashuka, kwanza hadi mabegani, halafu ikasahauliwa. Sikio la kulia lilirudi vizuri. La kushoto halikurudi vizuri mpaka leo. Kogo alishikilia hadi kufa kwake kwamba ni shimo lililomsimamisha, na kwa haki siwezi kumpinga kabisa, kwa maana ndani ya lile shimo alisimama wima kwa mara ya kwanza, mimi mwenyewe nilimwona. Daktari hatukuwahi kumuuliza. Mama Wafula ndiye aliyeona, na hakuna siku nimesikia mtu wa kwetu akimshukuru. Nilimshukuru mimi, nikiwa mtu mzima. Alisema hakumbuki.

Sasa Naliaka anashona nguo Bungoma mjini. Akishuka ngazi bado anaachanisha miguu kidogo na kuangalia mbele bila kugeuza kichwa. Wasiomjua husema anajiona.

Kuna jambo nililomuuliza mama mwaka jana tu, tukiwa wawili. Nilimuuliza kwa nini walichimba pale kwenye migomba, karibu na yule mtoto mwingine, wakati shamba lilikuwa kubwa.

Akasema, "Kogo aliuliza udongo laini uko wapi. Nikaonyesha. Mpaka ulipopiga kelele, ndipo nikaona nimesimama wapi."

Nimelala na maneno hayo mara nyingi. Utotoni nilifikiri mimi peke yangu ndiye niliyemkumbuka yule mtoto, kwa sababu hakuna aliyemtaja. Sasa najua mama hakuwa na siku ya kumsahau. Na nimekumbuka kitu kingine ambacho nilikiona kila siku bila kukijua. Msimu ule wote, kila mahali Naliaka alipokwenda, mama alikuwa nyuma yake, ameinama, miguu imepanuka, mikono miwili iko wazi hewani, macho hayatoki kwa mtoto. Tulikuwa tunacheka jinsi Naliaka anavyotembea. Mama alikuwa anatembea vilevile, hatua kwa hatua, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza yeye ni nini kilichokuwa kinamwambia anaanguka.

Labda nimeandika vibaya, labda nimempa mama mawazo ambayo hakuwa nayo. Nitamsomea akija.

Jioni tumekula ugali na omena, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga na nyanya, halafu chai ya rangi, maziwa yalikuwa yameganda.